Beseni lilikuwa kavu

Mhariri, wiki iliyopita mliuliza: "Paka anampenda anayemfuga, au anapenda chakula tu?" Wengi walioulizwa hapa mtaani kwetu wanasema paka hana shukrani, akikosa kwako leo, kesho yuko kwa jirani.

Mimi nauza dagaa Mwaloni, Kirumba. Magunia yakizidi nayalaza ukumbini, na paka wangu Furu anajua pa kutoboa. Nikirudi jioni huwa ameshashiba. Kama ni chakula tu, hana haja ya kunisubiri. Lakini kila siku nikipanda zile ngazi za mawe za Igogo namkuta amekaa juu ya jabali lililo karibu na mlango wetu, ananitazama ninavyokuja. Akishanitambua, mkia unasimama wima kama mlingoti, ncha imepinda kidogo. Hiyo ndiyo shikamoo yake. Kisha anashuka na kunisugua miguuni kwa shavu, mara hili, mara lile. Paka ana tezi mashavuni zinazotoa harufu ambayo pua zetu haziipati. Nimeshinda sokoni nimeguswa na watu wengi. Yeye ananipaka upya harufu ya kwetu.

Usiku anapanda mapajani na kuanza kuikanda khanga yangu kwa miguu ya mbele, kulia, kushoto, kucha zikitokeza na kurudi ndani, macho nusu yamefumba. Mtoto wa paka hulikanda hivyohivyo tumbo la mama yake ili maziwa yashuke. Furu ana miaka minne, maziwa ameyaacha zamani, na bado anakanda. Simwondoi hata kucha zikinichoma. Akinitazama na kufumba macho polepole, nami namfumbia polepole. Kumkodolea paka macho ni kumtangazia ugomvi.

Ila kilichonifanya niandike ni jambo la mwaka jana, ambalo hadi leo linaniuma.

Furu alianza kuingia kwenye beseni la kufulia. Anachuchumaa, analia kwa sauti nzito ambayo sikuwahi kuisikia kwake, anatoka, baada ya dakika chache anarudi. Nikaona ni ukorofi. Nilimchapa kwa fagio la chelewa mara mbili, na mara ya pili nilimchapa kwa hasira. Baba watoto akasema madume ndivyo walivyo, anatia alama. Aliyeona ukweli ni binti yetu wa darasa la tano. "Mama, mbona beseni kavu? Hakojoi, anajikamua tu."

Nikapitisha kiganja. Kavu kabisa. Nikamshika tumbo chini, gumu kama limau. Na bado alikuwa ananguruma kooni, ule mngurumo tunaosema ni wa raha.

Tulimtia kwenye tenga la nyanya, tukafunika kwa kitenge, tukakodi bajaji hadi kwa daktari wa mifugo. Akaeleza kwamba mkojo umeziba. Njia ya mkojo ya paka dume ni nyembamba mno, hata chembechembe kama mchanga zinatosha kuiziba; mkojo ukikosa pa kutokea, sumu inabaki kwenye damu, na siku moja au mbili zinatosha kumuua. Akamchoma sindano ya usingizi na kupitisha mrija. Ulitoka mkojo wenye damu, mwingi, sikudhani mwili mdogo vile ungeweza kuubeba.

Kuhusu mngurumo, daktari aliniambia paka mwenye maumivu naye hunguruma. Na kuhusu maji, paka hawa wa nyumbani asili yao ni paka mwitu wa nchi kavu, kwa hiyo kiu yao ni ndogo, maji mengi huyapata ndani ya mawindo yenyewe. Dagaa mkavu hana maji hayo. Siku hizi namchemshia dagaa wake bila chumvi, maji yakiwa mengi, naye anaanza na mchuzi. Mwenye paka dume aliye mtaani kwangu nimeshamwambia, na wewe unayesoma nakuomba: ukimwona anachuchumaa mara kwa mara na hakuna kinachotoka, usingoje kesho.

Basi, swali lenu. Siku tuliyomrudisha alikuwa bado analegea kwa ile dawa. Alijikokota kutoka kwenye tenga hadi nilipoketi, akanisugua shavu mguuni, mguu wa mtu aliyemchapa jana yake. Hilo ndilo jibu langu, sina lingine.

Fagio sasa nalishika akiwa nje. Kuna siku anaingia ghafla na kunikuta nalo. Masikio yanalala, mwili unashuka sakafuni. Naliweka chini, nakaa, nasubiri mkia unyanyuke.

Mama muuza dagaa,
Igogo, Mwanza