Sigara tatu kwa siku ni mtego, mkuu. Acha zote siku moja

Mkuu, umesema unavuta paketi kwa siku, umepanga kushuka hadi sigara tatu na kubaki hapo, halafu ukauliza kama maziwa yanasafisha kifua. Kwenye hizo tatu simama kwanza. Huo mpango umenila miaka minne, na aliyenipa alikuwa amevaa koti jeupe nyuma ya kaunta ya duka la dawa: "Punguza taratibu, mwili usishtuke." Nina hasira naye mpaka leo. Mtu anayeaminiwa na mtaa mzima hatakiwi kubahatisha na moyo wa mwenzake.

Mwili hauhesabu sigara, unadai nikotini. Ukiunyima ishirini ukaupa tatu, utazikamua hizo tatu: unavuta kwa nguvu, unaubana moshi kifuani, unafika kwenye kichungi mpaka vidole vinaungua. Kila sigara inakuingizia nikotini na lami, ule uchafu mweusi wa moshi, nyingi kuliko ilivyokuwa ukivuta paketi. Wale waliotuuzia sigara "nyepesi" walicheza mchezo huo huo. Kichungi kina vitundu vinavyoingiza hewa, mashine ya kupimia ikavuta moshi uliochanganyika na hewa na kutoa namba ndogo, wakati mvutaji anaviziba kwa midomo na vidole.

Njoo kwenye moyo sasa. Uchambuzi uliochapishwa Uingereza mwaka 2018 ulionyesha kwamba anayevuta sigara moja tu kwa siku anabeba karibu nusu ya hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo anayobeba mvutaji wa ishirini. Nusu, wakati hesabu ya kawaida ingekuambia moja ya ishirini! Moshi kidogo tu unatosha kuumiza kuta za mishipa na kuifanya damu igande upesi. Kwa saratani ya mapafu idadi ina uzito zaidi, ila mshtuko wa moyo hausubiri ufikishe paketi.

Halafu kuna arosto, yale mateso ya mwili kudai nikotini iliyozoea, na hapa ndipo wapunguzaji wengi wanapozama. Ukiacha kabisa, arosto inapanda kileleni siku ya pili au ya tatu, kisha inashuka na kwa wengi imeisha ndani ya wiki mbili hadi nne. Mwenye tatu kwa siku hafiki huko. Kila akianza kupanda mlima anavuta moja, anarudi chini, anaanza upya. Anaishi ndani ya arosto mwaka mzima, na kila sigara inakuwa tamu kuliko ya jana kwa sababu ameisubiri kwa muda wa saa sita. Siku ya msiba au ya kugombana kazini, tatu zinarudi kuwa ishirini.

Mwaka 2016 watafiti wa Uingereza waliwagawa wavutaji karibu 700: nusu wapunguze kwa wiki mbili kisha waache, nusu waache siku moja. Baada ya wiki nne, 49 kati ya 100 wa kundi la kuacha ghafla walikuwa bado hawajavuta, dhidi ya 39 wa kundi la kupunguza. Na hao wapunguzaji walikuwa na tarehe ya mwisho. Wewe huna.

Kwa hiyo panga siku ndani ya wiki mbili hizi. Usiku wa kuamkia siku hiyo toa paketi, viberiti na kisahani cha majivu nyumbani. Sigara ya moja moja ya dukani kwa Mangi usiguse, wala pafu la rafiki.

Tafuta jojo za nikotini. Kama sigara yako ya kwanza unaivuta ndani ya nusu saa tangu kuamka, chukua za miligramu 4, vinginevyo 2. Wengi wanazitafuna kama bablishi, wanameza mate yenye nikotini, wanapata kwikwi na kichefuchefu, halafu wanasema hazifanyi kazi. Tafuna polepole mpaka ulimi uwashe kama pilipili, kisha ibane kati ya shavu na ufizi. Muwasho ukiisha tafuna tena, hivyo hivyo kwa nusu saa. Dakika 15 kabla usinywe kahawa wala soda, maana tindikali inazuia nikotini isipenye mdomoni. Wiki za mwanzo tumia moja kila saa moja au mbili, zisizidi 24 kwa siku, na usikatishe kabla ya wiki nane. Mwenye mimba au aliyepata mshtuko wa moyo karibuni amwone daktari kwanza.

Maziwa yanaenda tumboni, moshi uko kwenye mapafu. Hayakutani.

Ila kahawa ipunguze nusu tangu siku ya kwanza. Moshi wa sigara hulifanya ini livunje kafeini haraka. Ukiacha, kikombe kile kile kinakaa mwilini muda mrefu zaidi. Utatetemeka, usingizi utakimbia, utadhani ni arosto na utatafuta kiberiti, kumbe ni kahawa.