Nusu Kipenyo Ikiongezeka na Kimo Kikipungua, Je, Ujazo Hubaki Palepale?

SWALI: Ndugu Mhariri, tulipewa kanuni ya ujazo wa mcheduara, V = πr²h, tukaulizwa ujazo utakuwaje endapo nusu kipenyo, r, itaongezeka kwa asilimia 10 na kimo, h, kitapungua kwa asilimia 10. Nilijibu kuwa hautabadilika, kwa kuwa kilichoongezwa huku kimepunguzwa kule. Nikakosolewa na kuambiwa kuwa unaongezeka kwa asilimia 8.9. Namba hiyo imetoka wapi? Na kimo kipungue kwa kiasi gani ndipo ujazo usibadilike?
Mwanafunzi wa sekondari

JIBU: Umejumlisha asilimia katika kanuni isiyo na alama hata moja ya kujumlisha. Humo kila kitu kinazidishwa, kwa hiyo kila badiliko la kigeu huingia kama kizidisho: kuongeza asilimia 10 ni kuzidisha kwa 1.1, na kupunguza asilimia 10 ni kuzidisha kwa 0.9. Hata vizidisho hivyo viwili peke yake havirudishi mambo yalipokuwa, kwani 1.1 × 0.9 ni 0.99.

Lakini kilichokuponza hasa ni kile kipeo cha pili kilicho juu ya r. Nusu kipenyo inapokuwa 1.1r, kinachoingia katika kanuni ni (1.1r)², yaani 1.21r², ilhali h, isiyo na kipeo, inaingia na 0.9 yake tu. Chukua mcheduara wenye nusu kipenyo ya sentimita 10 na kimo cha sentimita 20, ambao ujazo wake ni 100 × 20 × π, yaani 2000π. Baada ya mabadiliko, nusu kipenyo ni 11 na kimo ni 18, na ujazo ni 121 × 18 × π, yaani 2178π. Ongezeko ni 178 kwa kila 2000, nayo ndiyo asilimia 8.9 uliyoambiwa. Ungeanza na vipimo vingine vyovyote ungepata asilimia hiyohiyo, kwa sababu vipimo vya mwanzo hukatana pamoja na π, vikabaki vizidisho tu: 1.21 × 0.9 = 1.089.

Ukibadilishana majukumu, yaani r ipungue kwa asilimia 10 na h iongezeke kwa kiasi hichohicho, utapata 0.81 × 1.1 = 0.891, na ujazo utapungua kwa asilimia 10.9.

Kuhusu swali lako la pili, tafuta kizidisho cha kimo ambacho kikizidishwa kwa 1.21 kitaleta 1. Hicho ni 1 ÷ 1.21, takriban 0.826, kwa hiyo kimo kipungue kwa takriban asilimia 17.4, katika mfano wetu, kutoka sentimita 20 hadi kama sentimita 16.5.

Usiipeleke njia hii, hata hivyo, kwenye kanuni yenye kujumlisha ndani yake. Eneo lote la uso wa mcheduara uliofungwa pande zote mbili ni 2πr² + 2πrh, na hapo kila sehemu ya jumla hubadilika kwa kizidisho chake: ya kwanza kwa 1.21, ya pili kwa 0.99. Mcheduara wetu ulikuwa na eneo la 600π na sasa una 638π, ongezeko la takriban asilimia 6.3, lakini kimo cha mwanzo kingekuwa sentimita 100, eneo lingetoka 2200π hadi 2222π, ongezeko la asilimia 1 tu. Kwa hiyo mtihani ukikuuliza asilimia ya badiliko la eneo hilo bila kutaja vipimo vya mwanzo, wala uwiano wa r na h, usijilaumu kwa kukosa jibu moja, kwa maana swali lenyewe halijakamilika.