Mwenyeji wa mkutano hachagui watoa mada

Ndugu, umeuliza kama Tanga ikipewa uenyeji wa mkutano wa kisayansi wa kimataifa, kamati ya hapa ndiyo itakayochagua watoa mada. Mara nyingi sivyo. Katika Kongamano la Kimataifa la Wanahisabati, ambalo hufanyika kila baada ya miaka 4, wahadhiri huteuliwa na kamati ya programu inayoundwa na Umoja wa Kimataifa wa Hisabati, ilhali wenyeji hushughulikia kumbi, usajili na malazi, mzigo ambao kwa maoni yangu ndio mzito zaidi. Mwaka 2022, kutokana na vita vya Ukraine, umoja huo uliliondoa kongamano Saint Petersburg, Urusi, na kuliendesha mtandaoni. Hivyo mkataba wa uenyeji utaje mapema nani atabeba hasara mkutano ukihamishwa.