Mbwa Mchanga na Farasi wa Ufukweni

Juzi alasiri, maji yakiwa yamekupwa, farasi wanne walipita kando ya shamba langu la maweni hapa Nungwi wakiteremka ufukweni, na Bosi, mbwa wangu wa miezi tisa, alibaki amelala chini ya mwembe bila hata kunguruma. Nalieleza hili kwa fahari, kwani mwaka jana njia hiyo hiyo ilinifedhehesha.

Wakati ule nilikuwa na mbwa mwingine, niliyemchukua akiwa mkubwa ili alinde muhogo wangu dhidi ya kima. Siku ya kwanza alipomwona farasi alimkimbilia kwa nyuma. Macho ya farasi yako kandoni mwa kichwa, kwa hiyo huona karibu pande zote isipokuwa nyuma yake kabisa na mbele ya pua yake, na kinachomjia kutoka huko asikokuona hukijibu kwa teke. Mbwa wangu alivunjika mguu, mgeni aliyempanda farasi aliponea chupuchupu, na mtunza farasi akanieleza, mbele ya wanangu, kwamba wa kufungwa kamba ni mimi na si mbwa. Kosa lilikuwa langu, sikatai. Lakini maneno yale hayajanitoka.

Bosi nilianza naye mapema, akiwa na miezi mitatu, na nilichokizingatia zaidi ya vyote ni umbali. Tulikaa mbali kiasi kwamba farasi walionekana wadogo kuliko mbuzi, na kila alipowatazama kisha akanigeukia, nilimtupia dagaa mkavu. Nilimtupia chini, sikumpa mkononi, maana sisi Mashafii, wafuasi wa madhehebu ya Imamu Shafii, tunaijua kazi ya kuosha mara saba, moja kwa udongo, mate ya mbwa yakikugusa. Na kumbe hiyo ikanisaidia, kwa kuwa mbwa anayenusa ardhi akitafuta dagaa huwa ameinamisha kichwa na ametulia. Alipokataa kula, nilijua tumesogea mno, nikarudi nyuma. Kamba niliiacha ilegee, kwani ikivutwa mbwa naye hukaza mwili. Miezi iliyofuata sina la kuisimulia: tulikaa, tukatazama, tukarudi nyumbani, na kila baada ya siku kadhaa tukasogea hatua chache.

Wapo watakaosema kwamba fimbo moja ingemaliza kazi yote hiyo. Ndugu zangu, mbwa anayepigwa kila anapomwona farasi hujifunza kwamba farasi ndiye analeta maumivu, na siku kamba itakapokatika mtaliona tunda lake. Wala tusijifiche nyuma ya unajisi wa mate yake tukamtesa, ilhali tumefundishwa tangu chuo cha Kurani habari ya mtu aliyesamehewa dhambi kwa kumnywesha maji mbwa mwenye kiu. Ukimfuga, umri wake mdogo ni amana yako. Ukiupoteza kwa uvivu, kama nilivyofanya mimi kwa yule wa kwanza, usimlaumu mnyama, wala umbali usiuharakishe, wala dagaa usimnyime.

Mtunza farasi juzi alikuwa ni yule yule. Alimsimamisha farasi wake, akamtazama Bosi kwa muda, akauliza ana umri gani. Nikamjibu. Hakutaja habari za mwaka jana, nami nikaendelea kupalilia muhogo wangu.