Maswali na Majibu: Nyani, Hulka na Homoni za Msongo

Swali: Nasikia Robert Sapolsky aliwapima nyani wa Maasai Mara kwa miaka mingi. Je, dume anayetawala ndiye asiye na msongo?

Inategemea kundi lina hali gani, na swali hili huletwa kwangu mara kwa mara bila kutaja jambo hilo. Sapolsky, mtafiti Mmarekani aliyeanza kuwafuatilia nyani wa Kenya mwaka 1978, aliona kwamba vyeo vikiwa vimetulia, madume wa juu huwa na kotisoli, homoni ya msongo, kidogo wakati wa utulivu kuliko walio chini yao. Vyeo vikianza kugombaniwa, nafuu hiyo hutoweka. Mwaka 2011 watafiti wa nyani wa Amboseli, mbuga nyingine ya Kenya, walionyesha kuwa dume wa kwanza ana homoni za msongo nyingi kuliko dume anayemfuata. Anayenukuu nusu moja tu anapotosha.

Swali: Kotisoli ni sumu?

Hapana, ndiyo inayousaidia mwili kutoa akiba yake ya sukari wakati wa hatari, na madhara huja inapobaki juu kwa muda mrefu.

Swali: Hulka ya mnyama inahusikaje?

Inahusika sana, na nasikitika kwamba wengi huishia kwenye habari za vyeo. Sapolsky na wenzake waliona kwamba hata madume wa cheo cha juu hawalingani. Dume anayeweza kumtofautisha mpinzani aliyekuja kumtisha na yule anayesinzia pembeni, anayejua kama ugomvi ameushinda au ameshindwa, na mwenye majike wa kuchambuana nao manyoya bila tamaa ya kuwapanda, alikuwa na kotisoli ya chini. Yule anayeshtuka kila mpinzani anapopita alikuwa nayo juu, ingawa anatawala.

Swali: Mimi ni mwanafunzi wa biolojia. Je, naweza kupima damu ya wanyama walionaswa kwenye mitego?

Ukifanya hivyo utapima hofu ya mtego. Sapolsky alipuliza kwa mrija mshale wenye dawa ya usingizi, saa zilezile za asubuhi, dume akiwa amempa mgongo, katika siku ambayo mnyama huyo hakuwa mgonjwa, hakupigana wala hakupanda jike, kisha akawahi kuchukua damu kabla homoni hazijapanda. Watafiti wa Amboseli hupima homoni kwenye kinyesi, njia isiyomsumbua mnyama. Usipomfahamu mnyama wako kwanza, tarakimu utakayopata haitakueleza lolote.

Swali: Ni kweli kundi moja liligeuka kuwa la upole?

Ni kweli, lakini kwa gharama ya vifo. Katikati ya miaka ya 1980, madume wakali waliokwenda kugombania mabaki kwenye jalala la loji ya watalii walikula nyama yenye kifua kikuu, wakafa. Waliobaki walikuwa wapole, na madume waliohamia baadaye wakaufuata mwenendo huo, kama Sapolsky na mwenzake Lisa Share walivyoandika mwaka 2004. Madume wa chini hawakuonyesha dalili za msongo zinazoonekana kwingine. Wanaoendesha kambi na loji mbugani wafunike majalala yao, kwa maana wanaolisimulia tukio hili kama habari njema husahau kwamba uchafu wa binadamu ndio uliowaua nyani hao.