Maswali na Majibu: Mtoto Wangu Hanitazami

Barua nyingi za wiki hizi zimegusa jambo moja, macho ya watoto wachanga. Nimekuwa muuguzi wa macho ya watoto kwa miaka mingi, na kabla ya hapo nilikuwa mama wa mtoto mwenye tatizo la macho, kwa hiyo nazijibu nikiwa nimesimama pande zote mbili. Barua nimezifupisha na majina nimeyaacha.

Shikamoo mama. Binti yangu ana wiki tisa. Nikimpakata na kumwangalia, macho yake yanapita pembeni ya uso wangu kama vile sipo. Nikiongea anatulia tuli. Mume wangu anasema ni wasiwasi wa uzazi wa kwanza. Nisubiri?

Marahaba mwanangu. Usisubiri.

Mtoto akizaliwa huona kwa ukungu. Vitu anavyoviona vizuri zaidi ni vile vilivyo sentimita 20 hadi 30 kutoka usoni pake, yaani palepale ulipo uso wako unapomnyonyesha. Kati ya wiki ya 6 na ya 8 wengi huanza kukaza macho kwenye uso wa mtu na kurudisha tabasamu. Wakifika miezi mitatu hufuata kwa macho kitu kinachopita mbele yao. Binti yako yuko katika wiki ambazo jambo hilo lilitakiwa liwe limeanza, kwa hiyo ulichokiona kina uzito.

Mpime hivi nyumbani. Chagua wakati ameshiba na amechangamka. Kaa mahali ambapo mwanga unakuangukia usoni. Dirisha likiwa nyuma yako, kwake unakuwa kivuli tu. Sogeza uso wako karibu, kisha nyamaza kabisa. Hapa ndipo wengi tunapojidanganya: tunaita, tunatikisa njuga, mtoto anageukia sauti, nasi tunashangilia kwamba ameona. Sogeza kichwa chako polepole kushoto, halafu kulia, bila kumpulizia pumzi. Angalia kama macho yanakufuata, hata kama ni nusu ya njia. Rudia siku mbili tatu kwa nyakati tofauti, uandike unachokiona, na uende na karatasi hiyo kwa daktari wiki hiihii, majibu yawe yoyote.

Wapo watoto ambao uwezo wao wa kuona huchelewa tu kukomaa, na wakifika miezi sita wanatazama kama wenzao. Lakini hilo ni neno la daktari aliyekwisha kumchunguza. Jirani hawezi kulitamka, wala mumeo, wala mimi niliye mbali.

Na kule kutulia kwake unapoongea, usikuchukulie vibaya. Anakusikiliza kwa mwili mzima. Nimeona akina mama wakidhani mtoto hawataki, wakaanza kumbadilisha nepi na kumlisha kimyakimya, siku baada ya siku. Endelea kuongea naye. Anakupokea.

Dada, nilimpiga mwanangu wa miezi minne picha ya simu usiku. Jicho moja limetoka jekundu kama kawaida, la pili limetoka jeupe kama la paka. Nimepiga picha nyingine mbili, moja nyeupe tena. Pia naomba kujua, je, flashi inaweza kuwa ndiyo imemwumiza?

Flashi haijamwumiza. Imekusaidia.

Mboni ni tundu. Mwanga ukiingia hugonga ukuta wa nyuma wa jicho, wenye damu nyingi, na kurudi na wekundu. Ukirudi mweupe, huenda kuna kitu kimeuziba njiani au kimekaa kwenye ukuta wenyewe. Ni kweli kwamba picha iliyopigwa kwa pembe fulani huweza kutoa weupe kwenye jicho zima lisilo na ugonjwa. Ila usijaribu kuamua hilo mwenyewe kwa kupiga picha nyingine ishirini, maana kati ya sababu za mboni nyeupe imo retinoblastoma, saratani ya jicho inayowapata zaidi watoto walio chini ya miaka 5. Ikikamatwa ikiwa bado ndani ya jicho, wengi wa watoto hao hupona. Ikichelewa hutoka na kusambaa. Nenda kesho, nenda na simu yenye hizo picha, na mlangoni useme wazi: mboni ya mwanangu ni nyeupe. Kama katika familia yenu yupo aliyepoteza jicho utotoni, litaje.

Sababu nyingine ni mtoto wa jicho. Watu hushangaa kusikia kichanga kina mtoto wa jicho, kwa kuwa wameuzoea kama ugonjwa wa wazee. Wapo wanaozaliwa nao, na hapo siwezi kuandika kama muuguzi peke yake. Mwanangu wa kwanza alikuwa na wiki tano, namwogesha karibu na dirisha, nikaona mboni ya kushoto ina ukungu wa kijivu, kama kioo kilichopuliziwa pumzi. Kliniki nikaambiwa ni kivuli, macho ya wachanga huwa hivyo. Nikarudi akiwa na miezi mitatu, nikajibiwa vilevile. Alipasuliwa ana miezi saba. Leo ni mtu mzima. Jicho la kulia linasoma maandishi madogo, la kushoto linaona mwanga na mkono ukipita.

Ukungu mzito kwenye jicho moja hutakiwa kuondolewa mtoto akiwa na umri wa wiki 6 hivi, na ukiwa kwenye macho yote mawili, wiki 8 hivi. Upasuaji wa baadaye bado una faida, lakini ubongo unakuwa umeanza kulisahau jicho. Ndiyo maana ukiambiwa "ni kivuli", omba kwa upole jambo moja: wazime taa na kumulika mboni zote mbili kwa kifaa cha kuchunguzia macho, waone kama mng'ao wake unalingana. Kazi hiyo haimalizi dakika mbili. Usiondoke bila kufanyiwa.

Mtoto wa miezi miwili, macho yanakwenda makengeza mara mojamoja, hasa akiwa na usingizi. Ni tatizo?

Kwa umri huo, ikiwa yanakuja na kuondoka, mara nyingi hapana. Misuli bado inajifunza kushirikiana, na akifika miezi minne yanatakiwa yawe yametulia. Lakini jicho lililogeuka muda wote halisubiri miezi minne. Wala macho yanayochezacheza bila kukoma, kushoto kulia kushoto kulia. Hayo yaonwe na daktari, kwa kuwa mara nyingi ni dalili kwamba mtoto haoni vizuri. Watoto wenye ualbino huwa nayo, pamoja na kuumizwa na mwanga, na miwani na kofia yenye ukingo mpana huwasaidia mapema kuliko wazazi wanavyodhani.

Jicho moja la mwanangu wa miezi mitatu linalengalenga machozi na kutoa matongo tangu alipozaliwa. Nimeshauriwa nimkamulie maziwa yangu jichoni.

Usikamulie. Usiweke maziwa, asali, chai, majani wala dawa ya matone iliyobaki kwa mtoto mwingine.

Kama jicho lenyewe si jekundu, halijavimba, na mtoto hajali mwanga, yaelekea mfereji wa machozi haujafunguka. Nawa mikono, kata kucha, weka ncha ya kidole kwenye kona ya ndani ya jicho, bonyeza taratibu na uteremshe kidole kando ya pua. Fanya hivyo mara tano hadi kumi, mara kadhaa kwa siku. Matongo yafute kwa pamba na maji yaliyochemshwa yakapoa, ukianzia ndani kwenda nje, na kila mfuto pamba mpya. Mifereji mingi hufunguka kabla ya mwaka kwisha.

Sasa nisikilize kwa makini. Machozi yakifuatana na kuogopa mwanga, mtoto akificha uso kifuani kwako kila mkitoka nje, na kioo cha mbele cha jicho kikawa na ukungu wa bluu, huo si mfereji. Inaweza kuwa presha ya macho ya kuzaliwa nayo, na hiyo huua mshipa wa kuonea. Presha ikipanda, jicho changa hutanuka, na watu hulisifia: "mtoto ana macho makubwa mazuri!" Nimesikia sifa hiyo mara nyingi kwa watoto waliokuwa wakipoteza kuona.

Na usaha mwingi wenye kope zilizovimba ndani ya mwezi wa kwanza ni dharura ya siku hiyohiyo. Huenda ni maambukizi aliyoyapata wakati wa kuzaliwa, na mengine huweza kutoboa jicho kwa siku chache.

Mimi ni baba wa mtoto njiti, alizaliwa kwa wiki 29. Tumeruhusiwa nyumbani na tarehe ya kurudi kupimwa macho. Anaonekana mzima kabisa na safari ni ngumu. Tukikosa mara moja kuna ubaya?

Upo, baba. Usikose.

Mtoto anapozaliwa mapema hivyo, mishipa ya damu ya retina, yaani ule ukuta wa nyuma wa jicho, haijamaliza kukua hadi kingoni. Inaweza kuota ovyo, ikaivuta retina mpaka ikabanduka. Kwa nje jicho linabaki zuri kabisa na hakuna dalili utakayoiona wewe. Miaka ya 1940 na 1950 watoto njiti wengi walipofuka hivi, kwa sababu walipewa oksijeni nyingi wakati madhara yake kwa macho hayajajulikana. Mwanamuziki Stevie Wonder, aliyezaliwa 1950, ni mmoja wao.

Kwa mtoto wa wiki 29, uchunguzi wa kwanza hufanyika kwenye wiki ya 4 hivi baada ya kuzaliwa, kisha hurudiwa kila wiki moja au mbili mpaka mishipa ifike mwisho. Ikionekana imeanza kuharibika, hutibiwa kwa miale ya leza au sindano ya dawa ndani ya jicho, na muda wa kutibu huhesabiwa kwa siku, pengine mbili au tatu. Kama kweli siku hiyo haiwezekani, piga simu mpewe siku nyingine ya wiki hiyohiyo.

Amepewa miwani na kiraka cha kufunika jicho zuri. Ana miezi kumi. Anavitoa vyote na kulia. Naona namtesa.

Humtesi, mama. Kiraka kinalilazimisha jicho dhaifu lifanye kazi. David Hubel na Torsten Wiesel, waliopata Tuzo ya Nobel mwaka 1981, waliwafunga paka wachanga jicho moja katika wiki zao za mwanzo. Walipolifungua, jicho lilikuwa zima, lakini ubongo haukulitumia tena. Mtoto wa binadamu naye ana dirisha lake, refu zaidi la miaka kadhaa, ila kila mwaka linapungua.

Kibandike kwenye ngozi yenyewe, chini ya miwani, akiwa ndiyo anaamka na kabla hajajua kuna nini. Hapohapo mpe mchezo ule anaoupenda kuliko yote, na mchezo huo utoke saa ya kiraka tu. Miwani iwe ya mpira laini yenye mkanda wa nyuma. Akiivua mrudishie bila kugomba. Akiivua mara ya nne, iweke pembeni, na mjaribu tena baada ya nusu saa.

Tumeambiwa binti yetu wa miezi mitano hataona. Nimechoka kulia. Sijui hata nicheze naye vipi, maana kila mchezo ninaoujua ni wa kuangalia. Je, anajua kuwa ni mimi?

Pole sana, mwanangu. Barua yako nimeisoma asubuhi na jioni.

Anakujua. Anaijua harufu yako, hatua zako, namna mkono wako unavyopita chini ya shingo kumwinua. Ila usimwinue ghafla: kwake ni kama kunyakuliwa na upepo. Taja jina lake, gusa bega, ngoja kidogo, ndipo umbebe. Kila shughuli ipe alama yake ya kwanza, kwa mfano kumgusisha kitambaa cha kuogea mkononi kabla ya kumtia majini.

Uso wake hautakujibu kama ulivyozoea, kwa hiyo tazama mikono. Selma Fraiberg, mtafiti wa Marekani aliyezifuatilia familia za watoto wasioona, aliwaonyesha wazazi kwamba vidole huongea pale uso uliponyamaza. Mwimbie, kisha nyamaza katikati ya wimbo. Utaviona vidole vinafunguka na kufumba, vinaitisha kipande kilichobaki.

Usimtarajie afuate njuga kwa sauti peke yake. Kwa mtoto asiyeona hilo huja karibu na mwisho wa mwaka wa kwanza. Kwa sasa iguse njuga kwenye kiganja chake, ailize, uisogeze kidogo sana, uiguse tena. Mikono yako ikae chini ya yake, yeye ndiye apande juu. Akiwa chali, mwekee vitu pembeni visivyohama ili avikute palepale alipoviacha. Lilli Nielsen, mwalimu wa Denmark, alibuni boksi lenye vitu vinavyoning'inia juu ya mtoto: kijiko, funguo, burashi. Unaweza kulitengeneza mwenyewe, mradi kamba ziwe fupi, hakuna cha kumezeka, na wewe uwe hapohapo. Mlaze pia kifudifudi juu ya kifua chako na uongee, atainua kichwa kuifuata sauti inayotetema chini yake. Redio zimeni mchana. Kelele isiyokatika inamfichia milango, maji na nyayo, vitu anavyovitumia kujua alipo.

Akianza kubonyeza macho kwa ngumi kila mara, mweleze daktari, na umpe kitu cha kushika. Waulize pia kama anatambua mwanga na giza, kwa sababu watoto wengi wanaosemwa hawaoni wana mabaki ya kuona yanayoweza kukuzwa.

Usiku ukiingia chumbani kwake, simama mlangoni, mwite, na useme, "Ni mama." Halafu ngoja, uitazame mikono.