Warrior au Hunter kwa anayecheza peke yake?

Ndugu yangu, unaanza World of Warcraft Classic, ule mchezo wa kompyuta wa mtandaoni, unacheza usiku peke yako, na umekwama uchague mhusika yupi kati ya Warrior (mpiganaji wa karibu) na Hunter (mwindaji). Chukua Hunter. Warrior anapendeza ukiwa na mtu wa kukuponya. Peke yako, maadui wawili wakikuvamia pamoja mara nyingi unakufa.

Hunter akifika leveli ya 10 anafuga mnyama: unamtuma simba akamkabe adui, wewe unapiga mishale kwa mbali. Ila mlishe vizuri! Asiporidhika nguvu hupungua, na mwishowe anaweza kukutoroka. Mishale pia nunua ya kutosha kabla hujatoka mjini, ikiisha porini utataabika. Na ukichagua jamii ya mhusika wako, usichague Human (binadamu), hawezi kuwa Hunter, Dwarf (mbilikimo) anaweza.